Masomo ya skii kwanza, hoteli baadaye

Familia inayokwenda kwenye theluji kwa mara ya kwanza kwa kawaida hukata tiketi za ndege, ikalipia hoteli, ikanunua makoti na glavu, halafu zikiwa zimebaki wiki mbili ndipo mtu anauliza: nani atatufundisha kuteleza kwa skii? Shule ya skii inajibu kwamba darasa la watoto wanaoanza limejaa, au nafasi iliyobaki ni ya saa nane mchana, wakati darasa la wazazi ni saa tatu asubuhi. Hapo likizo imeshakatika vipande viwili, kwa sababu kila siku kuna mzazi mmoja anayelazimika kubaki na mtoto.

Geuza mpangilio huo. Tafuta kwanza masomo, hasa ya yule mdogo kuliko wote, kisha hoteli, siku ya kuwasili na tiketi za lifti zinazopandisha watu mlimani zifuate.

Kwenye vituo vingi vya milima ya Alpi, kozi ya kikundi kwa wanaoanza hufunguliwa Jumapili au Jumatatu asubuhi na huenda siku tano au sita mfululizo. Mtoto anayefika Jumatano hana pa kuingia. Wenzake wameshajifunza kusimama, kusimamisha skii na kupinda, naye hajui hata kuvaa. Shule inayokubali kumpachika katikati hivyo inauza kiti tu. Kwa hiyo fika Jumamosi, chukua vifaa Jumamosi hiyohiyo jioni, na usikate tiketi ya ndege kabla shule haijathibitisha siku ya kuanza.

Lipo pia suala la wiki. Ufaransa imegawanya shule zake katika kanda tatu, A, B na C, na likizo ya majira ya baridi hupokezana baina ya kanda hizo kwa wiki nne, kuanzia Februari na pengine kuingia Machi. Paris iko kanda C. Wiki ambazo kanda mbili zinakutana, pamoja na Krismasi na Mwaka Mpya, ndizo madarasa hujaa miezi kadhaa kabla. Wiki za Januari baada ya Mwaka Mpya huwa na nafasi, na foleni za lifti ni fupi. Ila wiki tulivu ina mtego wake: darasa likikosa idadi ya chini ya wanafunzi, shule huweza kulifuta, kulipunguza saa, au kuliunganisha na darasa la kiwango kingine. Uliza kabla ya kulipa: idadi ya chini ni ngapi, na ikikosekana mnafanyaje? Anayefungwa na likizo za katikati ya mwaka asisahau kwamba kusini mwa dunia, Chile, Argentina, New Zealand, hata Lesotho, msimu wa theluji unaanza Juni.

Hesabu ya darasa

Swali la kwanza kwa shule liwe idadi ya juu kabisa ya wanafunzi kwa mwalimu mmoja. Usiulize wastani, maana wastani hupendeza masikioni na haumfungi mtu. Chukua somo la saa mbili. Ondoa nusu saa ya kukusanyana, kuvaa, kupanda lifti na kumwokota aliyeanguka. Zimebaki dakika tisini. Watoto wakiwa kumi na wawili, kila mmoja anaangaliwa na mwalimu kwa dakika saba na nusu. Wakiwa sita, dakika kumi na tano. Muda unaobaki wanasimama kwenye mstari, na mtoto anayesimama kwenye baridi bila kusogea ndiye anayesema kesho sitaki kwenda. Wanane ni kiasi kinachovumilika. Kumi na wawili wa umri wa miaka minne ni wengi mno, hata mwalimu awe hodari namna gani.

Masomo ya binafsi hutozwa kwa saa, si kwa kichwa, na shule nyingi huruhusu watu wanne au watano chini ya mwalimu mmoja. Kwa hiyo ndugu wawili au watatu wa umri unaokaribiana wanaweza kupata mwalimu wao kwa gharama isiyo mbali sana na ya kikundi. Kuichanganya familia nzima ndani ya saa hizo, mtoto wa miaka mitano na baba wa arobaini, hakufai. Mmoja atakuwa anangoja na mwingine anaburuzwa. Mpango unaofanya kazi vizuri kwa wengi ni watoto kuwa kwenye kikundi asubuhi, na wazazi kuchukua saa mbili za binafsi siku ya kwanza na ya tatu, ndani ya muda huohuo. Acha dakika ishirini kila upande: darasa lako lianze baada ya kuwakabidhi watoto na liishe kabla ya kuwachukua. Na kama bajeti inabana, saa za mchana, kati ya saa sita na saa nane wengine wanapokula, mara nyingi huwa na bei ya chini.

Umri, na kuchagua kati ya skii na snobodi

Watoto wa miaka mitatu hupokewa kwenye bustani ya theluji: eneo lililozungushiwa uzio, lenye mteremko mdogo, zulia linalotembea la kuwapandisha, na michezo. Asubuhi tu inawatosha. Kwa umri huo maswali muhimu ni ya kawaida kabisa: kuna chumba cha joto cha kupumzikia? Nani anamsaidia chooni? (Suti ya theluji, suruali ya ndani, fulana, na mtoto anayesema ameshikwa sasa hivi. Shule iliyozoea inajibu bila kusita.) Akifika miaka minne au mitano, darasa linakuwa darasa kweli. Darasa la siku nzima pamoja na chakula cha mchana liache kwa waliokwisha kuteleza mwaka mwingine. Anayeanza huwa hana miguu ya alasiri.

Snobodi, yaani kuteleza kwa ubao mmoja badala ya skii mbili, ni habari nyingine. Shule nyingi hazifungui darasa la snobodi kwa wanaoanza walio chini ya miaka saba au minane, ingawa mbao ndogo zinatengenezwa. Mtoto mdogo ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili, na bado hana nguvu za kutosha kwenye vifundo vya miguu kuuinamisha ubao kwenye ukingo mmoja huku miguu yote miwili imefungwa na mwili umetazama pembeni. Kwenye skii kila mguu uko huru, naye anatazama anakokwenda.

Kwa mtu mzima, skii ni rahisi kuanza na ngumu kuimudu. Snobodi ni kinyume chake. Siku mbili tatu za mwanzo za snobodi ni za kuanguka, kwa magoti ukienda mbele, kwa makalio ukirudi nyuma, na mikono ndiyo hukimbilia kuzuia. Ndiyo maana vifundo vya mikono huumia zaidi kwa wanaoanza snobodi, na kwenye skii ni magoti. Kinga za vifundo vya mikono na kaptula yenye sponji ni vitu vidogo vinavyookoa wiki. Kama una siku tatu tu za masomo, chagua skii. Snobodi katika siku tatu itakuachia michubuko na kuondoka pale ilipokuwa inaanza kunoga.

Kabla ya kuchagua snobodi, itazame pia ramani ya kituo. Kama eneo la wanaoanza lina lifti za kuburuta, zile zinazomvuta mtu akiwa amesimama, anayeanza atapoteza nusu ya asubuhi akianguka kwenye lifti hizo. Njia ndefu za tambarare nazo ni mateso, kwa sababu mwenye skii anajisukuma kwa fimbo na mwenye ubao anafungua mguu na kutembea. Kuhusu mguu wa mbele, mwache mtu ateleze kwa soksi kwenye sakafu laini uone upi unatangulia bila kufikiri. Wengi ni wa kushoto. Ukishaujua uandike kwenye fomu ya kukodi, ubao ufungwe sawasawa.

Fomu ya kiwango

Hapa ndipo uongo mdogo unapoharibu siku mbili nzima. Fomu inauliza kiwango, mzazi anakumbuka kwamba mtoto "alishateleza", anajaza kiwango cha kati. Siku ya kwanza mwalimu anagundua mtoto hawezi kusimama bila uzio, inabidi ahamishwe, na darasa la chini limejaa. Jibu kwa vitendo: anaweza kujisimamisha mwenyewe kwenye mteremko rahisi kuliko yote? Anaweza kuunganisha mipindo kushoto na kulia skii zikiwa na umbo la V iliyogeuzwa? Anaweza kuteleza skii zikiwa sambamba kwenye njia nyekundu (rangi huonyesha ugumu wa njia)? Jibu la kwanza likiwa hapana, yeye ni mwanzilishi, hata kama amewahi kuikanyaga theluji mara tatu.

Rangi zenyewe hazifanani duniani kote. Ufaransa ina kijani, bluu, nyekundu na nyeusi, kuanzia rahisi hadi ngumu. Austria na Uswisi kwa kawaida huanzia bluu. Marekani na Kanada hutumia duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi, na bluu yao huweza kukaribia nyekundu ya Ulaya. Mtoto aliyejifunza upande mmoja na kuandikishwa upande mwingine kwa rangi tu anaweza kujikuta juu ya mteremko usiomfaa. Shule kubwa ya Ufaransa, ESF, ina majina yake: Piou Piou kwa wadogo wanaoanza, Ourson kwa watoto wanaoanza wakiwa wakubwa kidogo, kisha Flocon, kisha nyota ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ukiona majina hayo kwenye tovuti usiyapite. Ndiyo madarasa yenyewe. Medali ya mwisho wa wiki nayo wakati mwingine hulipiwa kando, na mtoto aliyeona wenzake wakivishwa hatakuelewa ukimweleza habari za risiti.

Lugha ijaze kwa makini vilevile. Darasa linalotangazwa kuwa la Kiingereza linaweza kuwa na watoto wa lugha nne, mwalimu akirudia kila sentensi mara tatu. Uliza kama lugha ya darasa imehakikishwa au ni ombi tu. Kwa wadogo afadhali kidogo, kwa sababu walimu wengi wanaofundisha kwa Kiingereza hutumia chakula: pizza, yaani ncha za skii zikutane na nyuma zitanuke ili kupunguza mwendo, chipsi, yaani skii zikae sambamba ziende. Mfundishe mtoto maneno hayo mawili nyumbani. Akiyajua hayo atafuata somo hata asipoelewa mengine.

Nani anafundisha

Ufaransa kufundisha skii kwa malipo bila sifa zinazotambuliwa ni kosa la kisheria, na walimu hukaguliwa. Ngazi ya juu kule inadai hata kufaulu jaribio la kasi liitwalo Eurotest. Nchi nyingine zina mifumo yao, kama ule wa BASI, chama cha walimu cha Uingereza, wenye ngazi nne, na chama cha kimataifa cha walimu wa skii, ISIA, hutoa muhuri unaotambulika katika nchi nyingi. Kwa mtoto anayeanza huhitaji bingwa wa mwendo kasi. Mwalimu wa ngazi ya chini aliyezoea watoto anamshinda bingwa asiye na subira. Unachohitaji ni shule iliyosajiliwa na yenye bima. "Rafiki anayefundisha kwa bei nafuu" aliyepatikana kwenye mitandao hana mtu wa kumsimamia mtoto wako siku akivunjika mguu.

Lipo swali moja ambalo wazazi wengi hawalifikirii: darasa likianza kupanda lifti ya viti, nani anakaa na mtoto wangu? Mwalimu ni mmoja na watoto ni wanane. Wachache watakaa naye. Waliobaki, mwalimu huwaomba watu wazima waliopo kwenye foleni wakae nao. Ni utaratibu wa kawaida, na sehemu nyingi mtoto mfupi haruhusiwi kupanda bila mtu mzima. Shule zinazojali huleta msaidizi wa pili. Uliza, na umwandae mtoto: akae nyuma kabisa kwenye kiti, asichezecheze, asubiri kizuizi kishushwe.

Kilichomo ndani ya bei, na kisichomo

Bei ya kozi kwa kawaida ni mwalimu peke yake. Vifaa, tiketi ya lifti, chakula na bima ni mbali. Tiketi ndipo pesa nyingi hupotea bure, kwani familia hununua ya eneo zima kwa siku sita, wakati anayeanza siku mbili za kwanza hatoki kwenye zulia linalotembea, ambalo vituo vingi hulitoa bure au kwa tiketi ndogo. Iandikie shule: darasa hili linahitaji tiketi gani siku ya kwanza, ya tatu na ya tano? Watoto wadogo, mara nyingi walio chini ya miaka mitano au sita, hupanda bure lakini bado wanahitaji kadi, na dirishani wataomba uthibitisho wa umri, chukua pasipoti. Kadi ikae peke yake kwenye mfuko wa kushoto wa koti, kwa sababu mageti mengi husoma upande huo, na isikae pamoja na simu.

Kuhusu vifaa, tumia muda wako kwenye buti. Zuri linaonekana hivi: ukisimama wima vidole vinagusa mbele kidogo, ukikunja magoti vinarudi nyuma, na kisigino hakinyanyuki. Vaa soksi moja, nyembamba, ndefu hadi chini ya goti. Soksi mbili hufinya damu na miguu huganda zaidi. Suruali ya ndani isiingizwe ndani ya buti, kwani mkunjo wake mdogo unaweza kuchubua mfupa wa mguu kufikia mchana. Skii za mtoto anayeanza zimfike kati ya kifua na kidevu. Fimbo hazihitajiki kwa wadogo.

Kwenye kukodi utaulizwa uzito, urefu, umri na uzoefu, nao watapima urefu wa soli ya buti. Hiyo si adabu ya dukani. Namba hizo ndizo zinazokaza kifungio kinachoshika buti kwenye skii. Kikikazwa kuliko inavyotakiwa, skii haifunguki mtu anapoanguka na goti ndilo linalopindwa. Kikilegezwa mno, inafunguka katikati ya mpindo. Mzazi anayepunguza kilo zake kwa aibu, au kumkuza mtoto kuwa "mzoefu", anacheza na goti. Helmeti ni lazima kwa kila mtu Italia, mkubwa kwa mdogo, kwa mujibu wa sheria. Kwingine ichukue vilevile.

Soma masharti ya kughairi kabla ya kulipa amana. Mtoto akiugua, shule nyingi hurudisha pesa au kutoa siku nyingine iwapo tu una cheti cha daktari. Hali ya hewa mbaya haihesabiki: theluji ikianguka au ukungu ukishuka, somo linaendelea, na marejesho huja pale tu lifti zote zinapofungwa. Ndege kuchelewa ni juu yako. Bima ya safari ya kawaida mara nyingi haihusishi michezo ya theluji mpaka uiongeze. Angalia kama inalipia uokoaji mlimani na madhara utakayomsababishia mtu mwingine. Italia bima hiyo ya pili ni lazima kwa kila anayeteleza tangu Januari 2022.

Asubuhi ya kwanza

Ukishajua darasa linakutana wapi, ndipo utafute chumba, na upime umbali kwa miguu iliyovaa buti, mkononi una skii zako na za mtoto. Dakika tano kwenye ramani huwa kumi na tano. Fika robo saa kabla. Mtoto awe amekwenda chooni, amepakwa krimu ya jua (theluji hurudisha mwanga usoni hata siku ya mawingu), na mfukoni ana karatasi yenye namba yako ya simu na jina la hoteli. Glavu zisizogawanyika vidole zina joto zaidi na ni rahisi kumvisha.

Mkabidhi uondoke. Wazazi wanaosimama kwenye uzio na simu mkononi ndio wanaosababisha kilio. Mtoto akikuona anakumbuka kwamba kuna pa kukimbilia. Hakikisha tu darasa linaishia wapi, maana si lazima liishie pale lilipoanzia.

Jioni ya siku ya kwanza muulize mwalimu kama kiwango kinamfaa. Kuhamishwa darasa siku mbili za mwanzo ni jambo la kawaida, baadaye ni vigumu. Siku ya tatu tarajia uchovu na vinyongo. Hiyo ni miguu, si kukata tamaa. Alasiri mkiteleza pamoja, rudini njia ileile aliyofundishwa asubuhi, na kamba ya kumfungia mtoto kiunoni iacheni, kwa kuwa humzoesha kuegemea nyuma, na mwalimu atatumia kesho yake yote kumrudisha mbele. Siku ya mwisho mwombe mwalimu aandike kiwango alichofikia, kwenye kijitabu au hata kipande cha karatasi, kisha ukipige picha. Fomu ya safari nyingine itauliza jambo hilohilo.